Kikapu Kilichoning'inia

Vijana wa kreni wameniomba niandike. Nimestaafu juzi tu, na bado mkono wangu wa kulia hutafuta wenzo kila ninapokaa kwenye kiti. Wao wanahofu kwamba nikikaa sana nyumbani Mishomoroni nitasahau. Kusahau sitasahau, ila nitaanza kutia chumvi, kwa hiyo afadhali niandike mapema. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Zangu hazimsisimui mtu, na za wakubwa sizijui. Nitaandika habari za tanuru, za kreni, na za Mzee Athman, ambaye wengi wenu mmemsikia kwa jina tu.

Kiwanda chetu pale Changamwe hakikuanza na tanuru. Walionitangulia walinieleza kwamba mwanzoni yalikuwa mabanda ya mabati na kazi moja tu: kupasha moto mapande ya chuma yaliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo, kisha kuyapitisha kwenye rola mpaka yawe nondo. Wakati huohuo vyuma chakavu vya mji huu, magari yaliyokufa, reli zilizong'olewa, minyororo ya meli, vilikuwa vikipakiwa bandarini kwenda huko huko ng'ambo. Mwenye kiwanda alichoka kununua kwa bei kubwa kitu alichokiona kikipita mbele ya lango lake. Akaagiza tanuru la umeme, lililokwisha kutumika kwa watu wengine, likaja vipande vipande. Mafundi wa kigeni walilifunga, wakaliwasha mara chache, wakapiga picha, wakaenda zao.

Aliyebaki nalo ni Mzee Athman, enzi hizo kijana. Kwao ni Likoni, ukoo wa wenye maduka ya nguo tangu mababu. Ndugu zake wote walishika futi na mkasi, yeye akaenda kupika chuma. Mamake, nasikia, alikuwa akiulizwa na wageni mwanawe afanya kazi gani, hujibu kwamba ni karani.

Kwa asiyejua, tanuru lile ni chungu kikubwa kilichojengewa ndani kwa matofali yasiyoungua. Kifuniko chake kina nguzo tatu za kaboni zinazoshuka ndani; sisi tuliziita mishumaa. Umeme ukipita, radi huruka kutoka kwenye mshumaa kwenda kwenye chuma, na chuma huyeyuka. Unatia chokaa, chokaa inabeba uchafu na kuelea nao juu, ndiyo mavi ya chuma. Unayamwaga. Kisha unaliinamisha tanuru na kumimina chuma kwenye ndoo. Kwa maneno ni kazi nyepesi. Mtaani taa zilikuwa zikififia kila tulipoliwasha, na majirani walitulaumu kwa friji zilizoharibika, kwa maziwa yaliyochacha, na bibi mmoja kwa posa ya bintiye iliyovunjika.

Mimi nilianzia uwanja wa vyuma chakavu, pamoja na wanawake wengine waliotoka bara ya Kilifi kama mimi. Siku ya kwanza nilipewa glovu moja, ya kushoto. Nilipouliza ya kulia, nikaambiwa anayo mwenzangu, tugawane. Kazi yetu ilikuwa kuchambua: shaba huku, kwa kuwa shaba ikiingia kwenye nondo inaitia ufa, mpira kule, na vyombo vilivyozibwa, mitungi, matangi, mabomba yenye vifuniko, mbali kabisa. Chombo kilichozibwa kikiingia tanuruni na hewa yake au maji yake, hulipuka. Kwa hiyo kila chombo tulikibishia hodi. Ndivyo tulivyosema. Unakigonga kwa nyundo mara kadhaa, unasikiliza. Kikiitika kwa mlio wazi, ni kitupu na kimetobolewa. Kikiitika kizito, kina mwenyewe ndani.

Asubuhi moja lilikuja tangi ambalo liliitika kizito. Msimamizi wa uwanja alikuwa na haraka, kikapu cha kupelekea vyuma tanuruni kilikuwa hakijajaa, akaniambia nilipitishe, yeye atabeba lawama. Nikakaa juu yake. Nilikuwa na kanga kiunoni na glovu moja mkononi, nimekaa juu ya tangi kama ninayesubiri kusukwa nywele, na msimamizi ananifokea. Mzee Athman alikuwa akipita. Aliuliza kuna nini, akaelezwa, akaligonga tangi mwenyewe, kisha akaondoka. Wiki hiyo nikaitwa kwenda kujifunza kreni.

"Huyu mbishi," alimwambia injinia mbele yangu, kama mtu anayesifu mbuzi sokoni. "Kreni yataka mtu mbishi."

Alinifundisha yeye. Kreni ya tanuru hutembea juu kabisa, chini ya paa, na dereva hukaa kwenye kibanda cha vioo kinachoning'inia. Kazi yake kubwa ni kikapu. Kikapu kinajazwa vyuma uwanjani, kreni inakichukua, kifuniko cha tanuru kinasogezwa kando, dereva anapiga honi, watu wote wanakwenda nyuma ya ukuta wa kinga, mmoja tu anatoa ishara, na hapo kikapu kinashushwa na kufunguliwa kitako. Kikapu cha kwanza hakina matata. Cha pili ndicho cha kuchungwa, kwa kuwa kinamwagwa juu ya chuma kilichokwisha kuyeyuka, na wakati wa masika vyuma vina unyevu. Maji yakifunikwa na chuma cha moto hayaombi ruhusa ya kutoka.

"Ukiwa huko juu hakuna mkubwa," Mzee Athman aliniambia. "Akiwako mtu chini, kikapu hakishuki. Hata awe mwenye kiwanda. Hata niwe mimi."

Nikasema ndiyo mzee, kama tunavyosema sote.

Yeye mwenyewe alipika chuma kwa sikio. Tanuru linapowashwa hupiga kelele za kupasuka, kama mabati yanayomwagwa juu ya saruji. Chuma kikianza kuyeyuka linanguruma. Kikiisha kuyeyuka chote, sauti inashuka na kuwa mvumo mmoja. Mita zilikuwako, na injinia alizisoma, na mara nyingi mita na Mzee Athman walikubaliana; injinia alipenda sana siku hizo. Tatizo ni kwamba huwezi kulisikiliza tanuru ukiwa umeziba masikio. Sisi wengine tulitia pamba, baadaye vizibo vya mpira. Yeye hakutia kitu. Alisema vizibo ni vya watu wasiotaka kujua habari. Basi tanuru likayala masikio yake taratibu, miaka nenda miaka rudi.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwamba alianza kuzungumza sana. Alikuwa mtu wa maneno machache, ghafla akawa hodari wa hadithi. Anakuuliza habari za nyumbani, kabla hujajibu ameshajibu mwenyewe, na ameshahamia kwenye habari za mpira. Tulicheka, tukasema uzee umemfungua ulimi. Baadaye nikaelewa kuwa mtu anayezungumza mfululizo hahitaji kusikia.

Hakuna aliyemwambia. Sisemi tulikuwa waoga. Pwani mtu mzima hatajiwi upungufu wake, husitiriwa, na sisi tulimsitiri vizuri mno. Tulijifunza kusimama mbele yake tunapozungumza, ili aione midomo. Tulijifunza kutomwita kwa nyuma. Aliyekuwa fundi kuliko wote ni Wafula, msaidizi wake pale tanuruni, mtu wa Bungoma, ambaye adabu za pwani alizishika haraka kuliko wapwani wenyewe. Honi ikilia, Wafula humwendea mzee, humshika kiwiko na kumwambia, "Mzee, twende tupunge upepo kidogo." Mzee hucheka, wanafuatana nyuma ya ukuta. Ukiwatazama kutoka juu ungedhani ni marafiki wawili wanaotembea bustani ya Makadara jioni. Mimi nilikuwa sishushi kikapu mpaka nimewaona wote wawili wamepita ukuta.

Siku moja nilimuuliza Wafula kama mzee mwenyewe anajua.

"Mama Dama, mimi sijui kama anajua," akasema. "Na yeye hajui kama sisi tunajua. Tuwache hivyo hivyo. Mtu mkubwa kama yule utamwambiaje?"

Yakaendelea hivyo kwa muda mrefu. Nondo zilitoka nzuri. Wanunuzi hawakulalamika.

Ikaja masika moja ya mvua nyingi. Wafula alipata msiba kwao akaenda kuzika, na mahali pake akaletwa fundi wa kuazimwa kutoka upande wa rola. Alikuwa mtu mzuri na mwangalifu. Alifundishwa ishara zote, alifundishwa mahali pa kusimama. Habari ya kiwiko hakufundishwa, maana ni nani angeitamka? Kila mmoja wetu alidhani mwenzake atamchukua mzee.

Ilikuwa asubuhi. Kikapu cha kwanza kilikuwa kimeyeyuka vizuri, kifuniko kikasogezwa, nikaleta kikapu cha pili. Kilikuwa kikitona maji ya mvua. Nikapiga honi. Watu wakaenda nyuma ya ukuta. Yule fundi wa kuazimwa akatazama upande wake, akaona ni peupe, akanipa ishara nishushe. Alikotazama palikuwa peupe kweli. Kifuniko cha tanuru, kikiwa kimesogezwa kando pamoja na mishumaa yake, kilimzuia kuona upande wa pili, ule wa ndoo ya kumiminia. Huko alikuwako Mzee Athman, amenipa mgongo, na miwani yake ya buluu ya kutazamia moto usoni, anachungulia matofali ya ukingo kama yamekwisha kulika.

Nikapiga honi tena. Nikaishikilia. Fundi wa kuazimwa akarudia ishara, akidhani sikuiona. Nikawashawasha taa za kreni. Mzee kanipa mgongo, miwani ya buluu haioni taa. Kushuka siwezi, dereva haachi kreni yenye mzigo. Kikapu kinaning'inia, kinatona, na chini yake kidogo tu pembeni amesimama mtu aliyenifundisha kukishika.

Redio ikalia. Ilikuwa sauti ya injinia, kutoka chumba cha mitambo.

"Dama, shusha! Tanuru linapoa."

"Bado," nikasema.

"Bado nini? Kuna nini huko?"

Zile redio zilikuwa wazi kwa kiwanda kizima. Uwanjani wanasikia, lango kuu wanasikia, jikoni wanasikia. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, mzee hasikii honi, na ningeisema mbele ya kila mtu kuanzia wenye kiwanda hadi mpishi. Mdomo ulifunguka, sentensi haikutoka.

"Sishushi," nikasema. "Kuna mtu chini. Mwendeeni upande wa ndoo."

"Mtu gani? Wote wako nyuma ya ukuta!"

Fundi wa kuazimwa akaanza kuhesabu watu kwa kidole. Kabla hajamaliza, Mzee Athman aliinua kichwa peke yake. Akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Kisha akavua miwani na kutazama juu, akakiona kikapu, na nyuma ya kioo akaniona mimi. Tulitazamana. Uso wake niliuona vizuri kuliko nilivyotaka.

Hakukimbia. Aliuzunguka ukuta kwa mwendo wake wa kila siku. Nilipohakikisha amepita, nikashusha, nikafungua. Mlipuko uliotoka ulikuwa wa kawaida wa masika, si mkubwa. Ulirusha chuma cha moto mpaka kwenye matofali aliyokuwa akiyachungulia, ukapaacha pale aliposimama panawaka.

Chuma kilipokwisha kumiminwa, nilisikia ngazi ya kreni ikitikisika. Alipanda mwenyewe, mtu wa umri ule, akasimama mlangoni mwa kibanda akihema. Nikamgeukia ili anione midomo.

"Ulipiga honi?"

"Nilipiga, mzee. Zaidi ya mara moja."

Akapangusa jasho kwa kofia yake.

"Mwajua tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Wote?"

"Wote, mzee. Ila wa ofisini."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Na mimi nilidhani mimi ndiye ninayewasitiri nyinyi, msije mkaniona nazeeka mkaingiwa na wasiwasi. Tanuru nalijua kwa nyayo, Dama. Lavuma, sakafu yavuma. Leo nilisimama pale nikaona mbona pamekuwa kimya sana miguuni, kikapu hakijaja. Ndipo nikainua mato. Lakini honi yako haifiki kwenye nyayo."

"Haifiki, mzee."

"Basi nisitiri mpaka Idi. Ramadhani hiyo yaja. Idi ikiisha naenda ofisini mwenyewe, nasema nimechoka, natoka kwa heshima yangu. Wafula atarudi keshokutwa, mambo yatakuwa kama yalivyokuwa. Wallahi sikuombi kingine."

Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyokutana nayo kazini, na ninyi mnaoniuliza kila mara kuhusu siku ile waya ya kreni ilipokatika, ile haikuwa ngumu. Waya ikikatika mtu hachagui. Mzee huyu alinitoa uwanjani. Watoto wangu walisoma kwa kreni ile. Nilitaka sana kusema ndiyo. Nilimpenda, na sioni haya kuandika hivyo.

"La, mzee," nikasema. "Kesho ukiwa hapo chini, sitainua kikapu."

Akadhani hajaiona midomo yangu sawasawa. Nikarudia polepole. Akanitazama kwa muda, akageuka, akashuka ngazi bila kuniaga.

Kesho yake alikuja mapema, akasimama mahali pake pale tanuruni, miwani kifuani. Kikapu kilikuwa tayari uwanjani. Nikakaa kwenye kiti, mikono nimeikunja. Injinia akaita kwenye redio, sikujibu. Akapanda kreni mwenyewe, akaniuliza kama naumwa, nikasema siumwi. Akanitazama, akamtazama mzee kule chini, kisha akanitazama tena. Alikuwa mtu mwelewa. Hakuuliza tena, alikaa tu kwenye kigoda cha pembeni, tukasubiri naye. Watu wote wa tanuru wakasimama wakitazama huku na huku kama wageni kwenye nyumba yenye ugomvi.

Mzee Athman alivumilia kadiri alivyoweza. Mwishowe akaivua miwani ya buluu, akaitundika kwenye msumari wake ukutani, akaenda ofisini kwa miguu yake. Alichowaambia huko sikijui. Walimpeleka kwa daktari wa masikio, na baadaye wakampa kazi ya uwanjani. Aliikataa. Wafula aliporudi kutoka msibani hakunisemesha kwa muda, halafu akanisemesha. Wengine walisema nimemwaibisha mzee wa watu, na kwamba wabara hatuna siri. Kikapu cha siku ile kilimwagwa kikiwa kimechelewa, kama wanavyopenda kuandika ofisini.

Ile taa nyekundu inayozunguka juu ya ukuta wakati wa honi, ambayo mnalalamika kwamba inawaumiza macho, ilifungwa baada ya hapo. Na kile kibanda cha kupimwa masikio kila mwaka, mnachokwenda mkiburuta miguu, nacho pia. Hakuna aliyeviita kwa jina la mtu. Mkiviona, mjue tu vimetoka wapi. Na dereva akisema hashushi, msimuulize kwenye redio.

Mzee Athman hakusema nami tena. Nilikutana naye mara chache kwenye maziko na harusi, akawa anageukia upande mwingine, na mimi nikampisha. Nilifanya kazi miaka mingi baada yake. Niliwapokea mafundi wa tanuru wengine, wazuri, wanaovaa vizibo, lakini hakuna siku niliyopiga honi bila kutazama kwanza upande ule wa ndoo.

Nilipostaafu, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda Likoni, kwao Bofu. Mkewe, Bi Mwanaidi, alinikaribisha vizuri, akaniketisha barazani, akaniletea kahawa na visheti. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amezeeka kweli, mjukuu wa kike anamkata kucha za miguu, naye akimkemea asimkate nyama. Nikamsogelea, nikasimama mbele yake mahali pa kuionyesha midomo, kama tulivyozoea.

"Shikamoo, mzee."

Aliiona. Ninajua aliiona, maana macho yake yalibaki kwenye midomo yangu kwa muda. Kisha akamgeukia mjukuu na kumwambia abadilishe mguu. Bi Mwanaidi akaona haya, akaanza kunieleza kwamba baba huyu siku hizi hata macho si mazuri. Nikamwambia haidhuru, nikanywa kahawa.

Iliniuma. Mtu mzima kuikataa shikamoo yako ni jambo zito huku kwetu, na mimi ni mtu mzima pia, nina wajukuu. Lakini nilikaa pale nikatazama ile miguu, mizee, yenye mishipa, vidole vyote kumi vipo, mtoto anavishika kimoja kimoja. Wakati wa adhuhuri ulipofika Bi Mwanaidi alimwonyesha saa. Akainuka mwenyewe, akatafuta kofia, akavaa viatu, akanipita, akaenda msikitini.

Mwezi ujao nitakwenda tena kumwamkia.